Muda wa Kupiga Pasi Shati Moja

Jumatatu, 4 Machi

Iandikwe na ijulikane kwa vizazi vijavyo: leo, saa tisa na dakika kumi na nane alasiri, nimevuliwa kiti.

Kiti chenyewe ni kile chenye mikono, cha pekee katika duka langu la udobi. Vingine ni stuli. Kanuni ya Kamati yetu ya Maswali Mazito ni nyepesi. Kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi tunakutana kwangu. Anayeuliza swali la kisayansi likakosa jibu kabla sijamaliza kupiga pasi shati moja, hukalia kiti mpaka atokee wa kumng'oa. Saa hatutumii. Saa huchezewa. Pasi haidanganyi.

(Pasi inadanganya. Anayeishika ni mimi. Maswali yangu huyapimia shati la mtoto wa shule. Ya wenzangu, shati la mifuko minne.)

Leo Mpima Macho amenigundua. Huyu ana duka la miwani mkabala na langu na hutanguliza neno "kisayansi" hata akiomba sukari. Amesema kisayansi shati lisilo na mikono mirefu si shati. Ikapitishwa hapo hapo. Ubabe mtupu!

Nikauliza swali langu, nililolitunza wiki nzima kama yai. Ikiwa kwenye sayari za mbali kuna viumbe wenye akili, na wanavaa nguo, nani anawafulia? Bi Sindano, mshonaji wa mlango wa pili, akajibu kabla sijamaliza kola. Wake zao. Akaongeza: hata huko.

Zamu ya Mpima Macho. Mtu akisafiri kurudi jana akajikuta nyumbani, usingizi ukifika nani analala kitandani? Nikaburuta pasi kama konokono ili apatikane wa kujibu. Bi Sindano akasema atakayewahi. Mpima Macho akasema hilo ni jibu la kwenye foleni, si la kisayansi. Shati likaisha. Kiti kikaenda. Amekikalia, akakunja nne.

Nimeumia.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu ana wasiwasi na baba yake. Baba mkwe anaishi nasi tangu mama mkwe afariki, yapata miezi minne sasa. Zamani alikuwa mtu wa simu: miaka thelathini na moja aliketi mbele ya ubao wa matundu, akichomeka nyaya na kuunganisha watu wa mji mzima. Siku hizi anakaa dirishani. Jana nilimhesabia maneno. Tisa. Matatu kati ya hayo yalikuwa "asante".

Mke wangu amemwekea redio karibu asijione mpweke. Inalia kuanzia alfajiri mpaka tunapolala. Haijasaidia. Sasa anataka nimchukue Baba kwenye Kamati. Nikamweleza kwamba Kamati ni chombo cha fikra, si mahali pa kupumzishia wazee. Akasema, "Mume wangu." Tu. Akiniita hivyo najua kikao kimefungwa.

Lakini wakati nanawa mikono, wazo! Mtu aliyeshinda na nyaya miaka thelathini na moja hawezi kukosa swali gumu. Likiwashinda, yeye ni mgeni wangu. Kiti kitarudi kwangu kwa njia ya ukwe.

Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Mke wangu amenitazama kwa shaka.

Jumatano, 6 Machi

Baba mkwe alikaa kimya kama maji mtungini. Mpima Macho akauliza kama kivuli kina uzito. Bi Sindano akauliza kama mashine ikijifunza kufikiri itajifunza na kuchoka. Yote mawili yakapata jibu, Baba akitazama dirisha. Nikamgusa Baba kiwiko kwa heshima zote.

Akakohoa. Akauliza: sauti ya mtu ikishatoka mdomoni, huishia wapi?

Nikaanza shati. Niliipeleka pasi mbio kwa tamaa. Mpima Macho akafikiri hadi miwani ikaingia ukungu, kisha akasema kisayansi sauti hugonga vitu, ikafifia, ikageuka joto, joto dogo mno, likabaki humo humo kutani. Bi Sindano akasema tulizoea kuta zina masikio, kumbe zina na midomo.

Baba hakucheka. Akasema mama mkwe aliongea miaka arobaini katika jiko moja. Aliongea naye, aliongea na sufuria, aliongea na mvua. Kama joto lake limebaki ukutani, kuna awezaye kulitoa?

Nikamwona Mpima Macho anafungua mdomo kusema hapana. Hapana ni jibu. Jibu likipatikana, kiti hakitoki kwake! Nikamuwahi. Nikasema mashine ya kulitoa ipo.

Nani anayo? Mimi. Iko wapi? Inakaribia kukamilika. Lini? Jumamosi.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilifanana sana na yangu.

Kisha Mpima Macho akatoa uamuzi: kwa kuwa swali limejibiwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyelijibu, kiti hakisogei.

Alhamisi, 7 Machi

Baba mkwe ameomba mkate wa pili asubuhi. Maneno sitini na manne kabla ya saa mbili! Aliuliza mashine inatumia betri au umeme wa ukutani. Nikasema vyote viwili. Akasema, "Ajabu hiyo," akatafuna polepole.

Mke wangu aligeukia sinki. Mabega yalikuwa yanacheza. Nilipokaribia akanishika mkono kwa vidole vya sabuni, akasema hajui nimemwambia nini Baba, ila Mungu anibariki. Nikasema tulizungumza sayansi tu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu inaishia Jumamosi saa tisa.

Nimejikaza kisabuni, nikaunda mashine. Nimetumia pasi iliyoungua mwaka jana, faneli, spika za masikioni, waya kila mahali na taa ndogo nyekundu. Nimebonyeza swichi. Taa imewaka! Nimefurahi dakika kumi nzima kabla sijakumbuka kwamba hiyo ndiyo kazi yake yote.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya. Bi Sindano ajifiche nyuma ya makoti ya wateja, ashike ncha ya bomba nitakaloliunga kwenye spika, aseme kwa sauti ya kiutu uzima maneno machache tu. Chakula kinapoa, kwa mfano. Mwanamke gani hajawahi kusema chakula kinapoa?

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Nilizihesabu ili nisimtazame usoni: saba. Kisha akasema yeye anashona nguo, hashoni wafu. Akasema mzee wa watu ameanza kula, na mimi nataka kumlisha hewa. Mtu mzima na ndevu zangu! Nimwambie ukweli leo leo.

Nilikubali. Nilifunga duka mapema. Njiani nilipanga maneno vizuri, la kwanza likiwa "Baba" na la mwisho likiwa "samahani".

Baba hayupo! Mke wangu yuko mlangoni, kanga ya kichwani imelegea, anauliza majirani. Tumemtafuta kila kona. Kabla jua halijazama akatokea mwenyewe, viatu vimejaa vumbi, uso umechangamka. Alikwenda mpaka nyumba yao ya zamani kwa miguu. Aliwabishia hodi wapangaji, akaingia jikoni, akabandua kipande cha plasta ya ukuta karibu na mahali jiko lilipokuwa. Amekifunga kwenye leso. Kina ukubwa wa biskuti. Kina masizi upande mmoja.

Akaniuliza kama kinatosha au arudi tena kesho asubuhi.

Ukweli ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikasema kinatosha.

Jumamosi, 9 Machi

Wote walikuwapo kabla ya saa tisa. Baba mkwe alikuwa amenyoa. Akakiweka kile kipande ndani ya faneli kwa vidole viwili, kama anayelaza kifaranga. Akavaa spika masikioni. Nikawasha. Taa ikawaka. Akafumba macho.

Nikavuta shati jeupe la kwanza lililonijia mkononi, mikono mirefu, nikaanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka shati liishe. Likiisha itabidi mtu aseme kitu, na mtu huyo ni mimi.

Kola. Bega. Mkono wa kulia. Nilimsubiri Mpima Macho aseme "kisayansi". Alikuwa na haki. Alikuwa na kiti. Alimtazama Baba, mikono yake mizee imeshika magoti, akafunga mdomo. Mkono wa kushoto. Mgongo. Vifungo nilivizunguka kimoja kimoja, taratibu, kama unavyompita mtoto aliyelala. Sijui kwa nini watu hushona mashati mafupi namna hii.

Kikabaki kifungo kimoja.

Mpima Macho akasimama. Akavua koti. Akafungua shati lake mwenyewe, akalivua, akaniwekea mezani. Akabaki na fulana yenye tundu chini ya kwapa. Bi Sindano alilitazama tundu lile kwa uchungu wa kikazi. Nikaanza kola ya pili.

Nilipofika mgongoni, Baba akavua spika. Akasema waya huu umekufa, mwanangu. Amesikiliza nyaya miaka thelathini na moja, anaujua uliokufa. Amejua tangu Alhamisi, niliposema betri na umeme vyote viwili.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema samahani, Baba. Nikauliza, sasa plasta ya nini?

Akasema alitaka kuliona jiko. Tangu siku ya mazishi alikuwa analitaka. Lakini mtu mzima utabishaje hodi kwa wapangaji useme una huzuni? Watakuonea aibu. Aliwaambia ni utafiti wa sayansi, wakamfungulia mbio na kumpa bisibisi.

Bi Sindano akauliza kwa sauti ndogo kama hakusikia chochote basi. Akasema kwenye waya, hapana. Ila nyumbani redio haizimwi, na leo tumempa mashati mawili ya kimya. Ndani ya kimya hicho amekumbuka namna mkewe alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kudanganya kwamba chakula kiko tayari. Alikuwa amekisahau kikohozi hicho. Kulikuwa kunamsumbua kutokikumbuka.

Kisha akaongea. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kazini kwake kuomba aunganishwe na nambari anayoijua kwa moyo, ambayo haikuwa ya mtu yeyote, ili tu amsikie akisema, "Nambari, tafadhali." Na yeye, mbele ya msimamizi, akijibu kwa ukali kwamba nambari hiyo haipo, mama, jaribu tena kesho. Naye alijaribu. Miaka kumi na tisa!

Chai ilipoa mikononi mwetu. Sikuhesabu maneno.

Ikapigwa kura. Swali la Baba limepita mashati mawili bila jibu, maana jibu langu limefutwa. Mpima Macho mwenyewe, bado na fulana, akamsogezea kiti. Nikatangaza kwamba kiti kimerudi kwenye ukoo wetu. Hakuna aliyenisikiliza.

Nilimweleza mke wangu yote jioni. Aliizima redio. Kisha akanitazama muda mrefu, akanimegea kipande kikubwa cha mkate bila kuuliza kama nina njaa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejifunza sana. Nimejiapia mbele ya kioo: sitasema tena uongo wa kisayansi.

Baba mkwe sasa anaongea kifungua kinywa chote, hata siwezi kupenyeza neno. Saa nane mchana, kikao bado saa nzima, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chenye mikono. Amekunja nne. Nani kamfundisha!

Mpima Macho akaniuliza kwa dhihaka ninatengeneza nini wiki hii. Nikakumbuka kiapo changu. Nikakumbuka vizuri kabisa. Nikasema Jumatano nitaleta chombo cha kusoma mawazo, kimebaki kukazwa skrubu tu. Baba akafungua macho, akasema atahitaji kuona mchoro wa nyaya. Nikasema uko nyumbani. Akasema nyumbani anaishi yeye pia. Bi Sindano akaanza kuchoma pini kwenye kitambaa.

Nitapata pa kutokea. Nina siku mbili nzima, na akili ninayo.

Saa kumi na moja mwenye lile shati jeupe la Jumamosi amekuja kulichukua. Amelikunjua, amelinusa. Lilikuwa halijafuliwa.