Katibu wa Usalama na Leza Nyekundu

Jumatatu, Agosti 3, 2009

Hakuna stima hapa Kabiria tangu asubuhi. Mgao wa umeme tena. Wapangaji wa ploti nzima wanalalamika, mimi natabasamu tu. Kurudi kutoka kazini nikakuta giza limeshaingia kwenye ngazi, nikatoa tochi yangu nambari nne, ile niliyoijenga ndani ya mkebe wa dawa ya mbu. Nikawasindikiza akina mama watatu na ndoo zao hadi orofa ya tatu. Mmoja akasema Mungu anibariki, akadhani ni gari limepanda ngazi. Sifa kama hiyo huipati ofisini hata ukifanya kazi miaka kumi na minne.

Habari kubwa. Mzee Navnit anahamia kwa mtoto wake Leicester, Uingereza, mwisho wa mwezi. Duka lake la vipuri pale River Road anamwachia mpwa wake, lakini chumba cha nyuma, chenye meza ya kazi, mita na koili za waya, kinabaki chetu sisi Chama cha Mwanga, tunaojiundia tochi kwa mapenzi tu. Watu tisa, naye akiwemo, ufunguo mmoja. Amesema Jumamosi kila mtu alete alichokiunda, na yule atakayeonyesha kazi nzuri na salama ndiye atakayeushika.

Salama! Nani aliandika Kanuni Kumi na Moja za Usalama? Mimi. Nani alizitia plastiki na kuzipigilia mlangoni? Mimi. Nani alikuwa Katibu wa Usalama baada ya wenzake wanane kukataa cheo hicho? Ephantus Kiragu, yuyu huyu.

Nautaka ule ufunguo. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Ofisini mimi ni Kiragu wa mafaili, na bosi bado huniita Kariuki. Kule nyuma ya duka nikisema "Macho!" watu wazima wananijibu "Yamefunikwa!" na hakuna anayewasha chochote mpaka niseme.

Jumanne, Agosti 4

Nimeamua. Tochi ni za watoto. Jumamosi naonyesha leza.

Leza nyekundu unaipata ndani ya raita, kile kidude cha kompyuta kinachoandika DVD. Ndani yake kuna dayodi, kitoa mwanga kidogo kama punje ya mtama. Ukiitoa, ukaipa umeme kidogo na lenzi, inapasua baluni nyeusi ukiwa umesimama mbali. Saa ya chakula nikakimbia River Road, Njuguna, muuza vipuri vya mitumba, akanipa raita kuukuu kutoka kwenye gunia lake. Jioni nikaifungua mezani. Baridi ya Agosti ilikuwa kali, nikavaa ile sweta ya sufu aliyonifumia mama mkwe. Nikaishika dayodi kwa vidole, sweta ikalia chwi, nikaruka. Nikaiunganisha. Kimya. Imekufa.

Nimempigia Njuguna kumwambia ni mwizi. Amejibu kwamba raita ilikuwa nzima na akaniuliza nilikuwa nimevaa nini. Swali gani hilo la mwanamume mzima?

Jumatano, Agosti 5

Nilimpitia Lornah. Ni mwanachama mwenzetu, fundi wa maabara katika shule ya wasichana karibu na Kangemi, na ndiye mpinzani wangu wa pekee, ingawa yeye hajui. Nilimwambia nimekuja kukagua usalama. Akanipa chai.

Anaunda tochi. Tochi tu! Eti amemaliza wiki sita akisugua kipande cha shaba ili taa isipate joto. Ana daftari ameandika vipimo vyote, dakika kwa dakika. Nilimwonyesha kasoro tatu: daftari halina jalada, tochi haina kibandiko cha onyo, na kikombe cha chai kilikuwa karibu na betri. Aliandika zote tatu, akanishukuru. Mjanja sana huyu mama.

Halafu akaanza kunihoji. Je, huwa napima umeme kwa mita kabla ya kuunganisha dayodi? Je, huwa navua sweta, maana sufu ikisuguana inatoa cheche ndogo inayoua dayodi hata kabla hujaiwasha? Nikamwambia mambo hayo nayajua tangu zamani. Anapeleleza. Nilimaliza chai nikaondoka.

Alhamisi, Agosti 6

Ninahitaji raita nyingine, na Njuguna hapokei simu zangu.

Lakini nyumbani kuna kompyuta. Ni ya Wangeci, mke wangu, anaitumia kutengeneza DVD za akina mama wa kanisa. Jioni, akiwa bado kazini, nikaichomoa raita yake, nikatoa dayodi, halafu nikarudisha ule uso wa mbele tu kwa gundi. Ukitazama huwezi kujua. Kazi safi kabisa, mpaka nikasikitika kwamba hakuna wa kuonyesha.

Sweta ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa. Bahati.

Imewaka! Miwani ya kinga niliyoagiza kutoka Amerika tangu Juni haijafika, basi nikafuata Kanuni ya Nne, niliyoiandika mwenyewe: asiye na miwani asitazame kwa macho, atazame kupitia kamera ya mbele ya simu. Nikafunga mapazia, nikaibana leza kwenye meza, nikaielekeza kwenye baluni mbili ukutani, nikazipa kisogo, nikainua simu begani. Pale ukutani kwenye simu, nukta nyekundu! Baluni ikapasuka. Ya pili ikapasuka. Nilijipigia makofi. Nimeunda mwanga unaopasua vitu, mimi, mtoto wa mkulima wa kabichi.

Wangeci aliporudi alibonyeza kompyuta, akasema tundu la DVD halifunguki. Nikamwambia ni athari ya mgao wa stima.

Jumapili akina mama wanatarajia DVD yao. Nitafikiria Jumapili ikifika.

Ijumaa, Agosti 7

Miwani imefika Posta! Jozi sita, kila moja kwenye mfuko wake uliofungwa, vioo vya kijani kibichi, vya kuzuia mwanga mwekundu wa leza. Sikuzifungua. Nitazifungua mbele ya watu, mfuko mmoja mmoja, kama zawadi. Wanachama tisa, miwani sita. Watatu itabidi watazame ukuta, kwa mujibu wa Kanuni ya Sita: asiye na miwani atazame ukuta na asizungumze.

Nimepanga nani atatazama ukuta. Wa kwanza ni Lornah. Hatanijulia siri.

Nimeandika pia hotuba ya kupokea ufunguo. Kurasa mbili. Nimemsifu Mzee Navnit mara nne na Lornah mara moja, mwishoni.

Jumamosi, Agosti 8

Niandike haraka kabla sijajionea huruma zaidi.

Chumba kilijaa. Mzee Navnit alifika na koti lake jipya la baridi la Leicester, jeusi, zito, bado lina lebo. Akaliangika kwenye msumari wa mlango kwa upole, akarudi nyuma hatua moja kulitazama. Alisema mkewe ndiye aliyelichagua.

Lornah alitangulia. Akasema "Macho!", tukajibu, akawasha. Chumba kikawa mchana. Aliiacha inawaka dakika ishirini, akampa kila mtu aishike, na haikuwa na joto kuliko kikombe cha uji. Kisilu, ambaye huwa anasinzia kila mkutano, aliamka. Nilipiga makofi kwa heshima. Tochi tu, nikajiambia.

Zamu yangu. Nikasoma Kanuni zote kumi na moja. Nikagawa miwani. Lornah na wawili wengine wakageukia ukuta. Nikaibana leza mezani, nikaielekeza kwenye baluni zilizofungwa kando ya mlango, kwa kukisia tu, maana nikishaona nukta ningeisogeza. "Macho!" "Yamefunikwa!" Nikawasha.

Hakuna kitu.

Hakuna nukta, hakuna mwanga, hakuna baluni iliyopasuka. Sisi sita tumesimama na miwani ya kijani tukitazama mlango. Kisilu akakohoa. Nikachukua bisibisi nikaongeza umeme kidogo. Hakuna. Nikaongeza tena.

Ndipo Lornah akasema, akiwa bado anatazama ukuta, "Kiragu, kuna kitu inaungua."

Nikamkumbusha Kanuni ya Sita. Akainua simu yake begani, akaitazama, akasema, "Zima hiyo kitu. Mwanga uko, uko kwa koti ya Mzee."

Nikamwambia kwa sauti ya Katibu kwamba anayetazama ukuta hazungumzi, nikazungusha bisibisi mpaka mwisho.

Moshi! Mzee Navnit akaruka, akalipiga koti kwa mikono yote miwili. Mimi nikavua miwani ili nione vizuri, na wakati huo ndipo leza ilikuwa imekufa kweli, imeungua kwa umeme mwingi. Macho ya wote yalikuwa salama kabisa. Hilo naliandika kwa sababu hakuna aliyelitaja.

Lornah akaeleza polepole, na hilo liliniuma kuliko moshi. Kwamba miwani ya kijani kazi yake ni kuzuia mwanga ule ule mwekundu. Kwamba ukiivaa, nukta huioni, na usipoiona ujue miwani ni nzuri, si kwamba leza imezimika. Kwamba ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Kwamba Kanuni yangu ya Nne ndiyo iliyomwonyesha, na ni kanuni nzuri sana.

Mzee Navnit akapitisha kidole kwenye tundu la koti, pale kifuani. Akasema, "Sasa mama watoto atauliza hii ni nini, mimi nitasema nini?" Hakunifokea. Heri angenifokea. Alitoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Lornah, watu wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga, mikono mizito. Nilitaka kulia mbele ya watu wanane. Hotuba ilikuwa mfukoni.

Lornah akaniomba nibaki kuwa Katibu wa Usalama. Akaniomba pia niongeze Kanuni ya Kumi na Mbili: kabla ya kugusa bisibisi, vua sweta, pima kwa mita, hakiki kwa simu. Nikasema nitaipeleka kwenye kamati. Kamati ni mimi.

Jumapili, Agosti 9

Asubuhi mbaya. Mwenyekiti wa akina mama alikuja kuchukua DVD kabla ya ibada. Wangeci akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, na uso wa raita ukamdondokea mkononi. Nyuma yake hamna kitu, shimo tu. Wanawake wawili wakanigeukia kwa pamoja.

Nikaanza na mgao wa stima. Wangeci akaniambia ninyamaze, baba Ciru, ninyamaze kabisa.

Kaka yake, Norman, akaleta raita mpya baada ya kanisa. Wangeci akanisimamisha mbele yake, nikaapa mkono ukiwa juu ya friji kwamba sitaigusa hata kwa kitambaa cha vumbi. Niliapa kwa moyo wote. Akasema ataifunga mwenyewe kesho, akaondoka na Norman kwenda kumwomba mwenyekiti msamaha.

Nimekaa peke yangu nikifikiria yaliyotokea. Nimeyaona wazi sasa. Miwani yangu ilikuwa bora mno, hilo limethibitishwa mbele ya mashahidi. Rubani, yaani mimi, hakukosea, chombo ndicho kilikuwa dhaifu. Leza yenye nguvu zaidi ingepasua zile baluni na hakuna ambaye angetazama koti. Lornah ana ufunguo, sawa, lakini atahitaji siku moja mtu wa kuwasha kitu kikubwa.

Raita iko hapa mezani ndani ya boksi lake. Nimesoma tu maandishi ya nje, kusoma si kugusa. Ile ya zamani ilikuwa ya mwendo wa kumi na sita. Hii ni ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Raita ikiwa na mwendo zaidi, dayodi yake ina nguvu zaidi, kila mtu River Road anajua hilo.

Bisibisi ndogo nimeipata chini ya mto wa Wangeci, alikoificha. Gundi bado iko. Wangeci hatarudi kabla ya saa kumi na moja.

Baridi imezidi. Ngoja kwanza nivae ile sweta ya mama mkwe.