Mnyoo wa Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mkurugenzi anataka chumba chetu cha vielelezo kiwe ukumbi wa mikutano. Chupa elfu mbili za viumbe wa baharini zipelekwe stoo ya chini, kwenye unyevu. Zitaoza zote. Miaka kumi na moja ya jasho langu! Anasema utafiti wetu haujulikani, tumwonyeshe msomaji hata mmoja kabla ya Ijumaa. Mama Chupa, mtunza vielelezo, kaniomba daftari langu la mwisho la orodha za viumbe. Mengine keshaazima zamani. Nimempa. Mimi nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Mpango wenyewe: mnyoo wangu mpya hana jina, na anayegundua ndiye anayetoa jina. Nitampa la Mkurugenzi! Nani atafunga chumba chenye jina lake? Mama Chupa kauliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia aendelee na kuchapa kwake kwenye kompyuta.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika tangazo mlangoni. Jina kwa wino mwekundu, sifa chini yake. Mkurugenzi alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Kisha akasoma sifa, kwa sauti, mbele ya wahasibu: hana macho, hana ubongo wa maana, anaishi katika utumbo wa jongoo bahari akila anachoachiwa. Nilimweleza kwamba sayansi haina upendeleo. Hakutaka kusikia. Tunahama kesho! Sikula.

Alhamisi, 7 Machi
Wapagazi walishafika na toroli. Mara Mkurugenzi akaingia na barua pepe mkononi, mpole ajabu. Watafiti wa mbali wameona orodha zangu mtandaoni, kwenye daftari la pamoja la viumbe wa bahari. Wanasema ndiyo kumbukumbu pekee ya ghuba yetu kabla maji hayajapata joto. Wanakuja kuziona chupa. Zisiguswe!

Nani aliziweka huko? Mama Chupa. Mwaka mzima, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko wangu ule! Nikamuuliza mbona hakuniambia.

“Bwana, ulichofungia kabatini nani angekisoma?”

Nililia mbele ya wapagazi. Sioni haya.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba kimebaki. Asante yangu kwa mama huyu haina kipimo, lazima aione kila mtu. Bahati nzuri nina konokono mpya wa baharini, naye hana jina. Nimempa la Mama Chupa. Sifa: mnene, hana shingo, ana ute mwingi, akiguswa hunuka. Tangazo nimeshabandika, wino mwekundu. Yuko njiani kutoka kula. Atafurahi huyo!