Kiwanja cha Ndege cha Kinyala

Kila asubuhi kabla ya saa mbili mimi hufuta meza ya Mkuu, huchemsha chai ya tangawizi na kuchonga penseli tatu. Jumatatu ile nilikuwa kwenye penseli ya pili, Mkuu wa Kitengo cha Umbali, Bwana Medard, alipoingia na kutangaza kwamba kuanzia dakika hiyo Kinyala si mbali tena.

Alikuwa ameshika rejista ya viwanja. Ukurasa wa sita ulikuwa na Kiwanja cha Ndege Kinyala. Ukurasa wa nane, Kiwanja cha Ndege Kisiba. Alikuwa ameshapima ramani kwa rula. Umbali wa angani, alisema, hauna kona, hauna tope, hauna mlima. Muda wa kuruka ni dakika tisa.

Rejista hiyo niliiandika mimi, nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Vilikuwa viwanja vya mpira. Cha Kinyala, nyumbani kwetu, tunakiita hivyo kwa sababu jioni yangeyange, wale ndege weupe, wakishaachana na ng'ombe hutua pale mamia kwa mamia; cha Kisiba vivyo hivyo. Nilifungua mdomo niseme. Nikamuuliza kama aongezewe sukari.

Waraka Namba Moja ulitoka saa nne. Ulieleza kwamba mahali penye kiwanja cha ndege hapahitaji gari la serikali. Kwa hiyo ombi la akina mama wa Kinyala la kupata gari la wagonjwa lilijibiwa kwa furaha: kituo cha afya cha Kisiba kiko dakika tisa tu. Aliyeongoza ombi ni Sekela, mtoto wa mama yangu mkubwa, mwenye mimba ya miezi minane. Barua niliichapa mimi. Nilikosea herufi mara nne kwa sababu ya machozi, na Mkuu akanishauri nikapime macho.

Alhamisi tulikwenda Kinyala kuzindua safari. Ili awe mfano, Mkuu alimrudisha dereva Hamis mjini na gari. Sisi tungerudi kwa ndege. Hamis aliuliza kwa heshima kama asubiri kidogo, huenda hali ya hewa ikabadilika. Aliambiwa asikwamishe maendeleo.

Saa kumi mvua ilianza. Saa kumi na moja tope lilikuwa limemeza kiatu cha kushoto cha Mkuu, naye alikuwa ameteleza, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Ndipo yangeyange wakaja, weupe, wakajaza kiwanja kutoka goli hadi goli.

"Ndege yetu imekwama wapi?" Mkuu aliuliza.

"Haijakwama, baba," Sekela alimjibu, akimpa gunia ajifunike. "Ndio hao. Chagua wako."

Mkuu akampigia Hamis simu. Hamis alisema angekuja mbio, ila Waraka Namba Moja unamkataza, na sahihi iliyopo ni ya Mkuu mwenyewe. Ungehitajika waraka wa pili.

Mkuu akanigeukia. Niandike upesi, alisema, kwamba gari linaruhusiwa kuja Kinyala. Nilitoa karatasi, nikaikinga na mvua kwa kanga ya Sekela.

"Gari gani, Mkuu?"

"Gari lolote, binti."

Nilitazama mguu wake, kisha tumbo la Sekela. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Basi nimeandika la wagonjwa, na likishafika litabaki hapa. Hao ni ndege wa manyoya, Mkuu, na nilijua tangu Jumatatu. Saini hapa."