Sili ya Kabureta na Safari ya Mtongwe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku ya kumi na saba tangu nimwoe Jalila. Nikiamka namtazama kwanza kuhakikisha. Yupo!

Nimeamua kuifanyia pikipiki sevisi mwenyewe. Nina likizo wiki nzima. Hoteli ya Shanzu ninayofanyia udobi itajifulia shuka zake. Jumapili nampeleka Jalila kwao Mtongwe kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nilimwahidi baba mkwe, Mzee Sharif, mbele ya wazee, kwamba bintiye nitamfikisha kwa pikipiki yangu kabla ya adhuhuri. Mzee akasema vyema, ila kwanza nimpelekee Mwidani aikague.

Mwidani! Mtoto wa ami yake Jalila, mwenye duka la spea Kongowea. Kwao mtoto wa ami huulizwa kwanza kabla binti hajaposwa na mtu wa nje. Aliulizwa. Akajibu kwamba ameniachia. Ameniachia! Kana kwamba Jalila ni kiti cha kungojea kinyozi. Hataigusa pikipiki yangu.

Kazi imekwenda vizuri. Kati ya kabureta na injini kuna pete nyeusi ya mpira, mafundi huiita sili, inayozuia hewa isipenye pembeni. Ilikuwa na vumbi. Nikaitumbukiza kwenye kopo la petroli itakate. Jalila alikuwa amekaa mlangoni anatunga asumini. Nikamwita bila sababu yoyote. Akaitika abee. Sauti hiyo! Nikamwita tena. Abee. Mara sita. Mara ya saba akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Sili nimeikumbuka alasiri. Imetoka laini, imenenepa, haiingii tena mahali pake. Hata mimi nimenenepa tangu nioe. Bila shaka imezeeka. Kesho nanunua mpya.

Jumanne, 4 Novemba

Kongowea. Ili nisionekane na Mwidani nimepita mbele ya duka lake nikiwa nimeinama nyuma ya mkokoteni wa kabichi. Msukuma mkokoteni alidhani namsaidia. Akanishukuru, akaniombea dua, akaniambia nikaze. Nikakaza hadi mwisho wa soko.

Duka la Kaingu. Akaniuliza sampuli iko wapi, maana bila ya zamani hauzi. Nikampa sili yangu. Akaipima kwa macho, akaipima kwa kidole gumba, akaniuliza ni pikipiki ya aina gani. Nikamwambia yeye alinganishe tu. Akalinganisha. Sawasawa kabisa, kama mapacha!

Nyumbani haiingii. Kubwa. Nimegundua kwamba Kaingu si mtu wa kuaminika.

Jalila kaniletea maji ya ndimu, akauliza kama Mwidani hana hizo sili. Nikamwambia Mwidani anauza vitu vya kawaida tu. Akatabasamu. Ana kishimo kwenye shavu la kushoto. Nimekaa nikiwaza kile kishimo hadi mafuta yakanikauka vidoleni.

Jumatano, 5 Novemba

Changamwe, kwenye maduka ya spea za malori. Wazo langu: penye magari makubwa pana mpira bora. Mwenye duka ni mama mmoja aitwaye Kahaso. Ameipokea sampuli, ameigeuzageuza, akauliza shemeji hii ni ya pikipiki au ya trekta. Wateja wakacheka. Nikamwambia ni ya pikipiki yenye nguvu. Akasema basi iwe na nguvu kweli, akanipa moja iliyofanana.

Kubwa! Nchi nzima wamesahau kupima.

Nimeikata kipande, nikaunga ncha kwa gundi. Pikipiki imewaka! Imelia kama birika linalochemka, sauti ikapanda, ikapanda, injini ikazima. Judy, jirani yetu, katoa kichwa dirishani kuuliza nani anapika chai na hakaribishi watu. Jalila akacheka mpaka akajifunika ushungi usoni. Kicheko chake kina mawimbi matatu, la tatu ndilo refu. Ningeweza kuharibu pikipiki kumi kwa ajili ya lile la tatu.

Lakini Jumapili!

Alhamisi, 6 Novemba

Mwidani amempigia Jalila simu. Kamsalimu, kauliza hali, kisha kasema amesikia kuna bwana harusi anazunguka Kongowea na pete mkononi kama bado anaposa. Kaingu amesema! Nikamwambia Jalila amjibu pikipiki ni nzima. Jalila akaniangalia. Akamjibu pikipiki ni nzima, lakini hakuapa wallahi. Mke mwaminifu kwangu na kwa Mola wake kwa wakati mmoja.

Akaniuliza kwa upole kama si bora tuchukue tuktuk Jumapili. Mamake anapika tangu alfajiri, na shangazi zake watatoka barazani kutazama ameolewa na mtu wa namna gani. Hataki waseme amepata mume wa ahadi tupu. Alisema hivyo akikunja nguo, hakuniangalia. Imeniingia. Sikula vizuri. Nilikula sahani mbili tu.

Tuktuk haiwezekani. Niliahidi pikipiki.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango safi kabisa. Nimemtuma Judy dukani kwa Mwidani na sampuli. Aseme ni ya kakake, anaishi Mwakirunge, anabeba mawe ya machimboni. Nimemfundisha maneno mara tatu. Nikaenda kuswali Ijumaa na moyo mweupe.

Niliporudi Judy alikuwa amekaa na Jalila wanakula mahamri. Akanipa taarifa kwa sauti ambayo hata wa mtaa wa pili hawakukosa neno. Mwidani aliiangalia sili, akainusa, akamuuliza Luqman, yaani mimi, hajambo. Judy akasema hamjui Luqman. Mwidani akasema vyema, basi amwambie huyo asiyemjua kwamba mpira huu umelazwa kwenye petroli ukavimba, na kwamba kila atakakoupeleka atauziwa pete kubwa vilevile. Hautiwi petroli, hufutwa kwa kitambaa tu. Kisha akatoa sili ya saizi yenyewe, akasema apelekewe shemeji, bure, zawadi ya harusi.

Jalila akasema Mwidani ana moyo.

Ana moyo! Mimi nina moyo pia! Nimemrudisha Judy na ile sili palepale. Aseme tunashukuru, tunazo nyingi. Judy akasema mimi ni mtu wa ajabu, akachukua mahamri mawili ya nauli.

Ila nimepata wazo, langu mwenyewe kabisa: kitu kilichovimba kikianikwa hunywea. Nimeianika sili yangu juu ya mabati.

Jumamosi, 8 Novemba

Imenywea! Saa kumi jioni imeingia mahali pake kama kidole kwenye pete. Pikipiki imewaka kwa pigo moja. Haipigi mluzi. Inanguruma polepole, kama mtu anayeimba bila kufungua mdomo. Mpira umekuwa mgumu kidogo na una mistari midogomidogo. Uzoefu hauna budi kuonekana usoni.

Nimempandisha Jalila tukaenda hadi barabara ya lami na kurudi. Kanishika kiunoni. Buibui lake lilikuwa linapepea, asumini inanukia nyuma yangu, na mimi sikumbuki tulipita wapi. Huenda tulipaa.

Jumapili, 9 Novemba

Tumetoka saa nne. Jalila ana hina mpya na sinia la halwa mapajani. Daraja la Nyali, mjini, feri, yote salama. Tulipokuwa tunashuka feri upande wa Likoni, kwenye kile kilima wanachopanda watu wote, pikipiki ikapiga mluzi mrefu. Ikazima. Watu wakagawanyika kushoto na kulia kama maji.

Nikafungua. Sili imepasuka vipande viwili.

Nani akatokea kwenye umati, kanzu nyeupe, kwa miguu? Mwidani. Naye alialikwa chakula. Muuza spea asiye na pikipiki! Nikamwuliza, kwa heshima, kama ile sili anayo. Akasema ilikuwa ya pekee ya saizi hiyo, iliporudishwa aliiuza jana. Saa ilikuwa tano na nusu. Jalila aliitazama tu njia ya Mtongwe, na kile kishimo cha shavuni hakikuwepo.

Hapo nikaona kwamba hatanitazama machoni mwaka mzima. Nikamwambia asishuke. Akasema atatembea. Nikasema hatembei, niliahidi kwa pikipiki. Mwidani akakunja kanzu, akaifunga kiunoni, akashika nyuma. Mimi nikashika usukani. Tukasukuma. Mwidani alitia nguvu mpaka jasho likamfika kwenye kofia, na kila penye kilima akaniambia haya bwana harusi, vuta, mke wako si mzito, sinia ndilo zito. Jalila akacheka. Mawimbi matatu.

Tumefika dakika tano kabla ya adhana. Shangazi Mwanakheri akawa wa kwanza kupiga kigelegele. Akasema tangu azaliwe hajaona bibi harusi kusukumwa kwa mkono ili moshi usimguse na vumbi lisimrukie, na mtoto wa ami yake mwenyewe akimsindikiza. Kuna heshima gani zaidi? Wengine wakadakia. Mama mkwe akalia. Nikamwangalia Mwidani. Mwidani akaniangalia mimi. Tukatikisa vichwa kukubali.

Mzee Sharif kaniweka kulia kwake kwenye mkeka. Baada ya biriani akasema pampu yake ya kisima inavuja siku nyingi, hajui ampe nani aiangalie. Mwidani alikuwa anatafuna. Nikawahi.

Nimeshaifungua yote. Inaonekana kuchafuka kidogo tu. Nilipokuwa naahidi itakuwa tayari kesho asubuhi, Jalila alikohoa sana kule nyuma ya pazia, akakohoa tena, na tena. Masikini mpenzi wangu. Fahari ilimkaba koo.