Kitabu cha Saba Hakina Kasoro

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, riwaya ya saba ya Bi Kufuli ni nzuri. Agizo limesainiwa, limegongwa muhuri, na mimi, Katibu wa Kamati ya Kulinda Utamu wa Vitabu, ndiye niliyelibandika kwenye mlango wa maktaba.

Riwaya sita za kwanza hazikuhitaji agizo. Bi Kufuli, fundi wa makufuli anayenasa wezi, amesomwa hadi kingo za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole, na pembeni watu wameandikiana kwa penseli: "Usiogope dada, hafi." Katika ya saba anateuliwa mjumbe wa bodi. Hafungui kufuli hata moja. Anahudhuria vikao. Kamati iliona hayo ni maendeleo.

Tatizo lilikuwa mkutubi. Kwenye ripoti yake ya mwaka mama huyu aliandika kwamba kitabu cha saba kimepwaya, na kwamba kingo zake ni nyeusi mpaka ukurasa wa thelathini, kisha ni nyeupe pe. Tukamfungulia shauri la kuivunjia heshima hazina ya taifa. Akipatikana na hatia, kazi ya miaka kumi na tisa ingeota mbawa, na kiti chake kingekwenda kwa mpwa wa Mwenyekiti, ambaye hasomi lakini ana suti.

Shauri lilisikilizwa humo humo maktabani. Watu walijaa mpaka madirishani; mama mshonaji wa mtaa wa pili alikuja na kigoda chake kabisa. Mwenyekiti alieleza kwa kirefu kwamba wasomaji wa siku hizi ni wavivu, na kwamba utamu wa kitabu hiki uko mwishoni.

"Mimi nilifika ukurasa wa mwisho," akasema, "nikalia kama mtoto."

Wajumbe wote watatu wakapiga makofi.

Mkutubi akasimama, akaomba radhi, akamsihi mheshimiwa atusomee ukurasa huo ili naye alione kosa lake na aondoke kwa amani. Akamkabidhi nakala.

Mwenyekiti akavaa miwani, akafunua mwisho. Ukurasa ulikuwa mtupu. Akarudi nyuma mmoja: mtupu. Kurasa ishirini na nne za mwisho hazikuwa na hata nukta. Nikafungua nakala ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Zote hivyo hivyo. Kiwandani walisahau kuzichapa, na kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika, maana aliyefika huko ni mkutubi peke yake.

Mwenyekiti akaanza kufafanua kwamba mwandishi ametumia ukimya kwa makusudi ya kisanaa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai.

Mama mshonaji akasogeza kigoda mbele kidogo. "Haya, baba," akasema taratibu. "Lia tena, tukuone."

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba alijaribu.