Nani Kaishibisha Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nashukuru nimeamka na viungo vyote vimeitika. Goti la kushoto limechelewa. Nikaligombeza, likaja.

Mjukuu amerudi kazini na uso kama sufuria iliyoungua. Nimemuuliza nani kamuudhi. Akasema namba nne. Nikamwambia binadamu haitwi namba. Kumbe ni mashine. Ofisini kwao kuna chumba chenye mashine sita, zimeunganishwa zikawa ghala moja, na watu wanalipa kuwekewa humo picha na video zao. Mzigo unatakiwa ugawanywe sawasawa. Lakini namba nne imejaa mpaka shingoni, na zile tano zinapiga miayo.

Hilo halihitaji shule. Mimi niliyeishia darasa la tatu najua: mtungi ukijaa, mimina kwenye mwenzake. Akanijibu kwa adabu, ila kwa meno, kwamba mashine zinamiminiana zenyewe. Tatizo, mali ya mteja mmoja haikatwi vipande. Anahamishwa mzima au anabaki mzima. Na humo ndani kuna mteja mnene asiyehamishika. Nikasema ahaa. Sikuelewa, lakini ahaa haina gharama.

Jambo lenyewe ni zito. Yuko kwenye miezi ya majaribio na inaisha Ijumaa. Namba nne ikijaa kabisa, ghala zima linagoma kupokea, na bosi kasema wazi kwamba hapo hakuna ajira. Nyumba hii inasimama kwa mshahara wake. Mimi nasimama kwa magoti tu.

Nimewaza, na mhalifu nimemjua. Mjukuu alipoanza kazi alitufungulia nafasi ya bure ghalani, mimi na Bibi Kitambaa, bibi yake wa upande wa mama. Mwanamke yule anafuma vitambaa vya meza kama anayekimbizwa, na kila kitambaa anakipiga picha mbele na nyuma. Mimi ninayo picha moja, ya marehemu mume wangu ameshika baiskeli, na video moja ya maharage yakichemka, niliyojifunzia siku ile niliyopewa simu. Basi. Nikamwambia Mjukuu kikulacho ki nguoni mwako. Hakusikia, alikuwa anaoga.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Bibi Kitambaa. Nimetumia akili. Sikumlaumu. Nimemwambia kazini kwa Mjukuu umeingia ugonjwa wa mashine unaoletwa na uzi. Nilitarajia ubishi, nikawa na majibu matatu tayari. Badala yake akasema jamani, mtoto wetu asiumbuke kwa ajili ya vitambaa vyangu, akafuta vyote papo hapo, hata kile cha arusi ya bintiye. Upole wa namna hiyo ni uchokozi. Nimekaa na majibu yangu matatu mdomoni mpaka yakapoa.

Simu nikairudisha mfukoni mwa aproni. Siku hizi ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi, na kila nikikaa inataka chaji. Lakini inanipasha nyonga. Sina budi kushukuru.

Jioni Mjukuu amerudi kachoka zaidi. Namba nne iko vilevile. Iliyopungua ni namba mbili! Sasa tofauti kati yao imekuwa kubwa kuliko jana, mtambo unaozisimamia umepiga kelele, na bosi anauliza nani kagusa nini. Nikauliza kwa sauti ya mbali, huko namba mbili anakaa nani. Akasema mtambo hautaji majina, unataja namba za wateja tu. Nikapata sahani za kuosha.

Jumatano, 5 Machi

Bosi ameongeza mashine ya saba, mpya, tupu. Wateja wadogo wakahamia. Yule mnene hakujongea hata unyayo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu umeanza kuniuma mabega na mimi.

Nimeamua kwenda mwenyewe. Kisingizio ni chakula cha mchana. Chumba chao kina baridi kama bucha na ngurumo kama mashine ya kusaga, taa ndogo za kijani zinakonyeza bila haya. Nikasimama mbele ya namba nne. Nikaiambia ukweli. Kwamba ni aibu kula peke yako ndugu zako wakiwa na njaa. Kwamba mtu akivimbiwa hatukuzwi, anachekwa.

Mjukuu alikuwa anatazama kioo cha kompyuta yake. Akasema inapanda. Nikasema zaidi. Ikapanda zaidi. Akaniuliza kama nimegusa kitu. Sijagusa! Mikono yangu ilikuwa kiunoni muda wote, na simu yangu imetulia mfukoni, imejishika na mtandao wao kama mtoto wa nyumbani. Bosi, mwembamba, anayeongea kana kwamba maneno anayanunua, akaomba mgeni akapumzike nje.

Njiani nikasema ninavyomwona. Nikasema kwa sauti, barabara ilikuwa tupu. Nikasema kiango cha nguo kinampita mwili.

Mjukuu akaja na habari kwamba nilipoondoka tu, namba nne ilitulia. Ni haya, nimemwambia. Imesikia maneno ya mkubwa. Anipeleke kila siku. Hakula.

Alhamisi, 6 Machi

Hali ni tete. Namba nne imebakiza nafasi ya kupitisha unywele. Nimemkuta Mjukuu mlangoni anavaa viatu, kavaa kimoja, kasahau kingine, anatazama ukuta. Nikamwambia mtoto wa mwanangu, kiatu. Akasema bibi, nikifukuzwa tutaishije. Nikamwambia tutaishi kama tulivyoishi kabla hujajua kusema neno mashine. Akavaa.

Alipotoka nikakaa jikoni. Nikaona kama watu wote wanapunguza, basi na mimi nipunguze. Bibi Kitambaa hawezi kunizidi kwa wema, hilo sikubali. Nikaifungua ile picha ya marehemu na baiskeli yake. Nimeongea naye kwanza, haifai kumfuta mtu bila kumuaga. Nimemwambia asogee kidogo, mjukuu wake anahitaji nafasi. Nimemwambia siku zote alikuwa mwepesi wa kupisha, kiti, kitanda, hata nyama. Nikamshukuru. Nikafuta.

Maharage yameungua. Sikuyagombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nikiwa na povu mpaka viwikoni, simu imelia tumboni. Ni Mjukuu, na sauti yake ya ofisini, anasema habari za asubuhi mteja wetu mpendwa. Nikamuuliza tangu lini nimekuwa mpendwa. Halafu kwa sauti ndogo: Bibi? Nikasema ulitaka nani.

Ikawa hivi. Kufungua mali ya mteja ni mpaka wamwombe ruhusa. Unabonyeza namba yake, mtambo unapiga wenyewe, jina hulioni. Wamebonyeza namba ya yule mteja mnene, bosi akiwa pembeni anasikiliza. Ikaita kwangu.

Nikasema fungueni, hamna kitu, aliyekuwemo nimemwondoa jana. Wakafungua. Giza. Wakafungua nyingine. Giza. Mamia kwa mamia ya video, zote giza, na ndani ya giza mimi, nagombana na kuku wa jirani, nagombana na goti, nagombana na mtangazaji wa redio. Mjukuu akaniomba niitoe simu mfukoni nitazame kama kuna nukta nyekundu. Ipo, nikamwambia. Nzuri. Ipo tangu siku ya maharage.

Kisha nikasikia mlango uliokosa mafuta. Alikuwa bosi anacheka.

Jioni Mjukuu amenieleza polepole. Sijawahi kusimamisha kurekodi. Simu inakata kipande, inakipeleka ghalani, inajifuta, inaendelea. Na kwa kuwa vyote ni vya mteja mmoja, vyote vinaenda nyumba moja: namba nne. Siku ile nilipoigombeza, ugomvi wenyewe ulikuwa unaingia humohumo. Halafu akanigeuzia methali yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi. Kumbe Jumatatu alisikia.

Nikauliza kuhusu kiango cha nguo. Akasema bosi amekisikiliza mara mbili.

Lakini nashukuru, nashukuru mpaka nakosa pa kuziweka shukrani. Mjukuu angeweza kuficha nani kanifungulia nafasi. Alikuwa na mkono kwenye kitufe cha kufuta. Badala yake akasimama mbele ya ofisi nzima akasema mteja huyu ni bibi yangu, na nafasi nilimfungulia mimi. Kisha akakaa akaandika amri mpya: mteja akinenepa kupita kiasi, mali yake ikatwe vipande na kila mashine ibebe chake. Mchana namba nne ikashuka kutoka shingoni mpaka kifuani. Bosi akasema kurekebisha mashine kunafundishika, kumleta bibi yako mwenyewe mezani hakufundishiki. Kamwajiri.

Na marehemu karudi! Kumbe kinachofutwa kwanza kinakaa kwenye pipa la pembeni, nje ya zile mashine, mwezi mzima. Wamemtoa na baiskeli yake, hana hata vumbi. Vitambaa navyo vimerudi.

Lile giza Mjukuu kalifuta lote, kabakiza kipande kimoja. Nikamuuliza kipi. Akasema cha Alhamisi, pale unamuaga babu. Nikamwambia pua yake inavuja, aende akanawe.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Bibi Kitambaa kumjulisha kwamba ule ugonjwa wa uzi nimeuponya. Akanishukuru. Baada ya chakula akaja mwenyewe, na zawadi. Kanifumia mfuko mweupe wa simu, wa kuvaa shingoni, na tundu dogo mbele ili jicho la simu lisizibwe. Nikatafuta kasoro, sikuiona. Mwanamke huyu ataniua.

Mjukuu kanifundisha kusimamisha. Kidole hapa bibi, mpaka nukta izimike. Karudia, kanishika kidole mwenyewe. Nikasema ahaa.

Sasa wamelala wote, Mjukuu kwenye kiti, mwenzangu kwenye mkeka, mchana mweupe. Nimekaa nimelitazama jambo hili vizuri. Walicholalamikia ni giza. Mfuko huu una tundu, giza limekwisha. Na mimi nilikuwa nakaa mashine moja nikabanana. Sasa kwa amri ya mjukuu wangu nakaa saba. Bibi Kitambaa anakaa moja.

Maharage yako jikoni yanaanza kuchemka. Nimeyasogelea ili yaonekane. Nukta nyekundu imependeza sana juu ya uzi mweupe. Nashukuru.