Injinia na Kanda ya Fainali

Injinia hakuwa injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliyochoka kuitwa "wewe", na kwa kuwa hakuna aliyemdai cheti, kikamganda. Alikuwa na chumba chembamba ubavuni mwa kinyozi, kompyuta moja ya mkononi, mashine ya video ya kuchezea kanda, spika mbili ambazo moja ilikuwa sanduku tupu, na ulimi uliofanya kazi ya vyombo vyote vilivyokosekana. Humo alihamisha kanda za zamani za harusi kuziingiza kwenye flashi. Siku hizi husimulia visa vyake mwenyewe bila kushurutishwa, naye hukiri kwamba neno "pikseli" alilitamka mara elfu mbele za watu na maana yake hakuijua hata mara moja.

Neema ilimjia asubuhi moja kupitia ukutani. Jirani yake kinyozi alikuwa akiigombeza video iliyokuwa kwenye simu.

"Funguka basi! Kwenye simu ya zamani ulikuwa unafunguka, huku umeingiwa na nini?"

Injinia alichungulia. Kinyozi alikuwa amenunua simu mpya na kuhamishia humo video moja ya marehemu mama yake, nayo simu ikaandika kwamba faili haitambuliki.

"Lete nikupimie," alisema Injinia, kwa sauti ya daktari aliyeshika karatasi ya majibu.

Akaitia kwenye kompyuta yake, ambayo ilikuwa na programu ya kufungua takribani kila kitu, na video ikafunguka. Kinyozi aliitazama, akafuta macho kwa taulo la wateja. Injinia hakuitazama video hata kidogo. Alimtazama mteja. Akajiambia kwamba mtu hana haja na fundi wakati mambo yake yanafunguka. Ukitaka akupende, kwanza yakatae kufunguka.

Wiki hiyohiyo mtaa mzima ukasikia habari za msiba. Mp4, yaani faili za video za kila mtu, zilikuwa zinaoza.

"Zinaozaje?" aliuliza mwenye duka la vitambaa.

"Kimyakimya, mama. Leo unaiona harusi yako nzima, kesho bwana harusi hana kichwa, keshokutwa anayecheza ni keki peke yake. Dunia imeshahama. Sasa kuna mfumo mpya."

Mfumo mpya uliitwa INJ. Aliuvumbua mwenyewe kwa dakika moja na nusu, na nusu dakika ilipotea akitafuta herufi J. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: alichukua faili ya mteja, akaenda mwisho wa jina lake, akafuta "mp4" na kuandika "inj". Basi. Ndani hakuguswa mtu. Lakini simu ilipoliona jina geni ilikataa kama bawabu, na kompyuta ya Injinia pekee, iliyofundishwa kulitambua, ndiyo iliyofungua. Faili za mwanzo alizifuta kwenye simu za watu "zisije zikaambukiza". Aliyetaka kumwona mtoto wake akitambaa ilibidi aje aketi kwenye kigoda cha Injinia, alipe ada ya kutazama, aondoke akishukuru.

Walikuja wengi. Mtu akiogopeshwa kuhusu kitu asichokielewa, hulipa haraka kuliko anavyouliza. Injinia naye alianza kuuamini uvumbuzi wake, akavaa koti jeupe.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kuhamishiwa INJ na wa kwanza kulalamika, maana alitaka kumwona mama yake kila asubuhi kabla ya kufungua, na kila asubuhi kulikuwa na ada. Siku moja akamleta shangazi yake, mama mstaafu mwenye miwani mikubwa na mkoba wa mkeka, aliyeketi kwenye kigoda akatulia kama aliyekuja kusubiri mvua ipite. Alimtazama Injinia akimhudumia mteja. Akatazama vidole vyake juu ya vibonye: mara tatu kufuta, mara tatu kuandika.

"Mwanangu, kazi yako ngumu," alisema.

"Sayansi, shangazi. Haina huruma."

"Mimi pia niliwahi kufanya kazi kituo cha televisheni, zamani."

"Kazi gani?"

"Ah, nilikuwa nashikashika kanda tu."

Injinia akamweka moyoni kwenye kundi la wafagiaji. Hapo shangazi akatoa mkobani kanda kubwa kama tofali, yenye karatasi iliyofifia: SIKU YA FAINALI.

Injinia alihisi koti likimbana. Hakuna mtu mjini asiyeijua ile fainali, iliyochezwa kabla yeye hajazaliwa. Wazee waliisimulia mpaka wakagombana nani alifunga bao la tatu, na hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu kituo kilirekodia juu ya kanda zake zote kwa kubana matumizi. Mwenye picha za mechi ile angeuza anavyotaka.

"Shangazi, hii ni ile fainali?" aliuliza.

"Hii ndiyo iliyokuwa hewani mchana ule. Mji mzima ulikaa kuitazama."

"Imekatwakatwa?"

"Haikuguswa. Toka mwanzo wake hadi mwisho wake."

"Na wewe utaifanyia nini sasa?"

"Sina la kuifanyia. Mimi natafuta kompyuta nijifunze uzeeni. Kama hiyo yako."

Injinia alijifanya kufikiri. Alikuna kidevu, akatazama dari, akahema kama anayeombwa figo. Moyoni alikuwa anaruka kamba.

"Kompyuta hii ina kazi za wateja, shangazi."

"Basi nipe na vyote vilivyomo, nisikusumbue kuvitoa."

Akavitazama vilivyomo: watoto wa watu wakitambaa, mabibi harusi wa watu wakilia. Vya nini, mbele ya fainali? Wakaandikiana, kinyozi akiwa shahidi, kwamba kompyuta na vyote vilivyomo vimebadilishwa kwa kanda moja, kwa hiari, bila kurudishiana. Injinia alisaini kwa mbwembwe, akaongeza na mstari chini ya jina. Shangazi akaikunja karatasi, akaitia kompyuta mkobani, akaondoka kwa mwendo uleule aliojia.

Kisha Injinia akaisogeza kanda kwenye mashine yake ya video. Haikuingia. Akaigeuza, akajaribu kwa ubavu, akailaumu mashine. Kanda ilikuwa pana mara mbili ya mdomo.

Siku nne alizunguka nayo kwa mafundi, imefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Fundi wa redio alicheka. Fundi wa televisheni alimwita mkewe aje kuiona. Fundi wa tatu, mzee aliyeongea na bisibisi mdomoni, aliipangusa kwa heshima.

"Hii si kanda ya nyumbani, bwana. Hizi zilikuwa za vituoni. Mashine yake ninayoijua imebaki moja tu mjini."

"Iko wapi? Nitaenda hata kwa miguu!"

"Kwa mama mmoja mstaafu. Alikuwa mkuu wa chumba cha kanda miaka thelathini. Mama wa miwani mikubwa hivi."

Injinia anasema hapo ndipo alipopaswa kuelewa. Anasema hata mbuzi angeelewa. Yeye alichofikiri ni hiki: maskini mama wa watu, ana mashine na hajui alichokiacha.

Shangazi alimkaribisha vizuri. Mashine ilikuwa sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma.

"Kutazama kuna ada," alisema. "Ni kwa saa."

"Hakuna shida, shangazi."

Kanda ikaingia kwa mlio mzito. Skrini ikawaka mistari minane iliyosimama: mweupe, njano, samawati, kijani, na kuendelea mpaka mweusi. Chini yake, sauti: piiiiiiii.

"Picha ikoje, Injinia?" aliuliza shangazi toka jikoni.

"Safi sana. Rangi zimetulia."

Alisubiri. Wachezaji huchelewa kuingia uwanjani, alijiambia. Baada ya nusu saa akauliza kama inawezekana kupeleka mbele. Shangazi akasema inawezekana, lakini mashine ni ya kizee, isilazimishwe. Saa ya kwanza ikaisha, akalipa ya pili. Mlio ulikuwa umeshamwingia kwenye meno. Kanda ilipofika mwisho mistari ikakatika, skrini ikawa buluu tupu, na Injinia bado ameinama mbele, mikono magotini.

"Mechi iko wapi?" aliuliza hatimaye.

Shangazi aliketi. "Mitambo ya uwanjani iligoma siku ile. Zaidi ya saa nzima tulirusha mistari ya kupimia rangi, na mji mzima ulikaa kuitazama, hakuna aliyethubutu kwenda hata chooni. Mechi yenyewe, mitambo ilipopona, tuliirekodi kwenye kanda nyingine. Ilifutwa."

"Umenidanganya!"

"Nimesema lipi la uongo, mwanangu?"

Injinia alilirudia kila neno kichwani, akitafuta. Hakupata hata moja. Aliona aibu, na nyuma ya aibu, anakiri, aliona wivu wa kitaaluma.

"Na kompyuta?"

"Imeshamaliza kazi. Nimeandika mp4 kwenye kila faili, nikawarudishia wenyewe. Sasa najifunzia kuandika barua."

Alishuka mtaani akiwa na hasira inayotafuta wa kuipokea, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Alikuta wateja watatu wameinamia simu moja. Ndani ya simu mama mmoja mnene, mwiko mkononi, alikuwa akimfokea anayemrekodi: azime kidude hicho, aje kula, na miguu ile aioshe kwanza. Kinyozi alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, na wateja wakacheka pamoja naye.

Injinia alisimama mlangoni. Hotuba aliyokuja nayo ilimpotea. Video hiyo ilikaa kwenye kompyuta yake miezi mitatu, naye hakuwahi kusikia hata neno moja la ndani yake.

"Irudishe nyuma kidogo," alisema. "Mwanzo nimeukosa."

Kinyozi aliuweka wembe chini. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akampisha aketi.